Mwongozo Kamili wa Kutafuta Spea Orijino za Breki za Gari la Zamani Jijini Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari la zamani anayetaka kulirudisha barabarani likiwa na breki zilezile zilizokusudiwa na kiwanda. Nauandika kwa kutumia Land Rover Series III, ile ya 109 (yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), kwa sababu ndiyo niliyoifufua mwenyewe hapa Dar es Salaam, na ndiyo gari ambalo familia nyingi bado zinalo nyuma ya nyumba, likiwa limekalishwa juu ya matofali kusubiri siku yake. Namna ya kutafuta ni ileile kwa Peugeot 504, Volkswagen Kobe, Datsun au Toyota za miaka ya 1970, na pale ambapo magari hayo yanaachana na Land Rover nitasema.

"Orijino" ina maana gani

Ukiuliza spea orijino dukani, kila muuzaji atakujibu kwamba anayo, kwa hiyo ni lazima uwe na maana yako mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Kwa upande wa breki, neno hilo hubeba vitu vitatu. Cha kwanza ni spea iliyouzwa na kiwanda cha gari chenyewe, ndani ya boksi lake na yenye namba yake. Cha pili ni spea ya kampuni iliyokuwa ikikiuzia kiwanda hicho, kwa maana viwanda vingi vya magari havikuwahi kujitengenezea breki: Land Rover za Series zilifungwa breki za Girling ya Uingereza, Volkswagen na Mercedes-Benz nyingi zilifungwa za ATE ya Ujerumani, na Peugeot 504 iliweza kutoka na kaliperi za Girling au za Teves, ambayo ndiyo hiyohiyo ATE. Cha tatu ni spea mpya ya enzi zile ambayo haikuwahi kufungwa kwenye gari lolote, bali imelala stoo kwa miaka 30 au 40.

Kampuni hizi zimebadilisha majina, na asiyejua historia yake anaweza kuiacha mezani spea nzuri kwa kuidhania ngeni. Girling ilikuwa chini ya Lucas. Lucas ikaungana na Varity mwaka 1996 ikaitwa LucasVarity. TRW ikainunua mwaka 1999. Na mwaka 2015 TRW yenyewe ikanunuliwa na ZF. Boksi lenye jina la Lucas au TRW, kwa hiyo, linaweza kuwa na mjukuu halali wa spea iliyofungwa kwenye gari lako siku lilipotoka kiwandani.

Msimamo wangu, ambao nitaurudia kwa sababu maisha ya watu yamo ndani yake, ni kwamba uasilia unaofaa kutafutwa kwenye breki ni wa vyuma, yaani silinda, dramu, bamba la nyuma, springi na viatu vyenyewe, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyobeba vipimo vya mhandisi. Raba na lainingi, yaani ile sehemu ya kiatu inayosugua dramu, ziwe mpya, hata kama umepata za zamani zikiwa bado ndani ya karatasi yake ya nta. Raba huzeeka ikiwa imelala tu. Lainingi za miaka ile nazo nyingi zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Ukifungua dramu ya gari la zamani usipulize vumbi kwa kompresa kama ilivyo desturi ya gereji zetu; lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho ukifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kukitupa. Mwambie hivyo na kijana anayekusaidia, kwa sababu yeye ndiye atakayevuta vumbi hilo kwa miaka mingi kuliko wewe.

Lijue gari lililo mbele yako, si lile lililoandikwa kwenye kadi

Kazi ya kwanza ni kusoma namba ya chasisi. Kwenye Series III utaipata kwenye kibati ndani ya kabini, na imegongwa pia kwenye chasisi, mbele upande wa kulia, pale inaposhikwa springi. Tarakimu za mwanzo hueleza aina ya gari, na herufi ya mwisho kwenye namba za mfumo wa zamani, kama vile A, B au C, huonyesha mabadiliko ya muundo. Vitabu vya spea hutumia herufi hiyo kugawa ukurasa, kwa mfano kusema silinda fulani ni ya magari hadi herufi B na nyingine ni ya kuanzia C.

Hata hivyo, namba ya chasisi ni mwanzo tu wa uchunguzi. Gari lenye zaidi ya miaka 40 nchini Tanzania limepita kwa mafundi wengi waliokuwa wakitafuta namna ya kulifikisha gari nyumbani, na wengi wao walifunga walichokipata. Nimeona 109 yenye ekseli ya mbele ya gari jingine kabisa, huku kadi yake ikiwa safi. Kwa hiyo fungua magurudumu yote manne, piga picha kila upande kabla hujagusa springi hata moja, kisha upime.

Vifaa vinavyohitajika ni venia (kifaa cha kupimia hadi sehemu za milimita), rula ya chuma na geji ya kupimia nyuzi za skrubu. Anza na dramu: 109 zina dramu za kipenyo cha inchi 11, yaani milimita 279, ilhali nyingi za 88, zile fupi, zina za inchi 10, yaani milimita 254. Pima upana wa viatu vya mbele pia, kwa kuwa baadhi ya 109 zilifungwa viatu vya upana wa inchi 2.25 na nyingine vya inchi 3, na mtu akikuuzia "brekishuu za 109" bila kukuuliza upana bado hajakuuzia kitu chochote cha uhakika. Halafu pima kipenyo cha ndani cha kila wili silinda, yaani silinda ndogo ya gurudumu inayosukuma kiatu. Magari ya Kiingereza yalipimwa kwa inchi, kwa hiyo venia ikikupa 25.4 hiyo ni inchi 1, ikikupa 28.6 ni inchi 1 na moja ya nane, na ikikupa 31.75 ni inchi 1 na robo. Tofauti ya milimita 6 huonekana ndogo mezani, lakini silinda ya inchi 1 na robo ina eneo kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko ya inchi 1, nayo husukuma kiatu kwa nguvu zaidi kwa kiwango hichohicho. Ukifunga moja ya namna hii kulia na nyingine kushoto, gari litavutwa upande mmoja kila unapokanyaga.

Jambo jingine la 109 ni kwamba kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, moja kwa kila kiatu, ili viatu vyote viwili visukumwe kuufuata mzunguko wa dramu na kujikaza vyenyewe. Mpangilio huo una kulia na kushoto. Bamba la kulia likifungwa kushoto kila kitu kitaingia na boliti zote zitakaza, lakini viatu vitasukumwa kinyume na mzunguko na breki za mbele zitakuwa dhaifu kwa namna ambayo fundi anaweza kuitafuta wiki nzima bila kuiona. Andika upande kwa rangi juu ya kila bamba kabla hujalitoa.

Nyuzi za nati, mahali ambapo watu huumia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nilijifunza kwa njia mbaya. Nilipoanza kazi hii nilinunua wili silinda mpya ya mbele katika duka moja la Kariakoo. Ilikuwa safi, uzito wake uliniridhisha, na fundi wangu aliifunga kwa nati ileile ya zamani ya bomba la breki. Nati iliingia kwa urahisi, ikakaza, hewa ikatolewa, na gari likatembea vizuri kwa wiki tatu. Siku moja, nikiteremka kuingia pantoni upande wa Magogoni, kanyagio lilikwenda hadi sakafuni kama vile hakuna kitu chini yake, na mbele yangu kulikuwa na bajaji na akina mama wenye ndoo za samaki. Kilichotuokoa ni hendibreki ya Land Rover, ambayo haishiki magurudumu bali hushika dramu iliyo kwenye shafti inayotoka kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma, wala haihitaji tone la mafuta ya breki. Gari langu ni la zile zenye njia moja ya mafuta, hivyo uvujaji wa gurudumu moja huondoa breki za magurudumu yote manne.

Nilipoifungua ile nati nyumbani, nilikuta nyuzi zake za mwisho zimelazwa upande mmoja na kung'aa kama zilizopigwa msasa. Sababu ilikuwa hii: Land Rover za awali zilitumia nyuzi za inchi za UNF, na kwa bomba la kawaida la inchi 3/16 nati yake ni ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa kila inchi. Kufikia miaka ya 1980 Series III zilikuwa zimehamia kwenye milimita, yaani M10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, kwa hiyo nati ya zamani huingia kwenye tundu la M10 ikiwa imelegea kidogo, na kwa kuwa hatua za nyuzi zinakaribiana, mkono unadanganyika. Inashika kwa ncha tu za nyuzi. Shinikizo la breki ya ghafla ndilo linaloing'oa.

Kipimo chake ni rahisi. Kabla ya kutoa pesa, chukua nati yako ya zamani iliyosafishwa na uizungushe kwa vidole pekee ndani ya tundu la silinda unayotaka kununua. Nati sahihi huingia hadi mwisho bila kutikisika. Ukiishika katikati ya safari yake na kuitikisa ikacheza, rudisha silinda hiyo. Tazama pia umbo la ncha ya bomba lililopanuliwa, kwa maana kuna ncha iliyokunjwa mara mbili na kuwa na shimo la koni, na kuna iliyobonyea kwa nje, na kila moja ina kikalio chake ndani ya silinda. Usimruhusu mtu yeyote kuziba tofauti hiyo kwa kukaza zaidi au kwa kufunga tepu ya mabomba ya maji.

Tafuta namba kabla ya kutafuta duka

Ukishajua ulichonacho, tafuta kitabu cha spea cha gari lako, kile chenye michoro iliyotawanywa na namba kando yake. Vya Land Rover hupatikana kama nakala zilizochapishwa upya na kama faili za kusomea kwenye simu. Namba za zamani za Land Rover ni za tarakimu tupu. Baadaye zikaja zenye herufi mbele, kama RTC na STC. Spea moja inaweza kuwa imepewa namba tatu kwa nyakati tofauti, na namba mpya ikafuta ya zamani, kwa hiyo andika zote. Mzee mwenye boksi la mwaka 1975 hatalijua kwa namba ya mwaka 1995.

Wenye Toyota wana bahati, kwa sababu namba zao zina mpangilio unaosomeka: tarakimu tano za kwanza hueleza aina ya spea na tano za pili hueleza gari. Namba inayoanza na 47201 ni masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na kanyagio), 47550 ni wili silinda, 04495 ni viatu vya breki na 04465 ni pedi za mbele. Ukikutana na boksi la zamani lisilo na maelezo, tarakimu hizo tano zitakuambia kilichomo. Mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 40 afahamu pia kwamba mwaka 2021 Toyota ilitangaza kuyajumuisha magari hayo kwenye mpango wake wa kutengeneza upya spea za magari ya zamani, unaoitwa GR Heritage Parts, na ni busara kuuliza huko kwanza.

Namba hizo ziandike kwenye kadi moja ngumu, pamoja na vipimo vyako, mchoro wa nati na majina ya watengenezaji. Kadi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako sokoni.

Spea nzuri kuliko zote huenda unayo tayari

Watu hutupa silinda za Girling zenye kutu ili wakanunue mpya zisizo na jina. Mimi nasema kinyume chake. Silinda ya zamani ina vipimo sahihi, nyuzi sahihi na chuma kizuri, na kilichoharibika ni ukuta wa ndani pekee. Itoe pistoni, ioshe silinda kwa spiriti, kisha ielekeze kwenye mwanga wa jua na utazame ndani. Utaona pete nyeusi pale raba ilipokaa miaka yote, na mbele yake vishimo vidogo kama alama za ndui. Hivyo vishimo ni kazi ya maji yaliyonyonywa na mafuta ya breki, na kwa hewa yetu ya pwani havikosekani. Pitisha ukucha. Ukucha usipokwama, kusugua kidogo kwa honi (kifaa cha mawe ya kulainishia ndani ya silinda) kunatosha. Ukikwama, usiendelee kusugua, kwa sababu utaipanua silinda na raba haitaziba tena.

Silinda ya namna hiyo hupelekwa kwa mchongaji ili aichonge na kuisindika shimizi, yaani bomba jembamba la ukuta mpya, ya chuma cha pua au shaba nyeupe, kisha aifikishe kwenye kipimo cha asili. Gerezani kuna wachongaji wanaoweza kufanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, ilimradi uwape kipimo cha mwisho kwa maandishi, uwaachie pistoni na raba mpya za kujaribia, na uwaeleze mambo mawili ambayo mtu asiyefanya kazi za breki kila siku anaweza kuyasahau. La kwanza ni kwamba tundu la kuingizia mafuta na la kutolea hewa ni lazima yatobolewe tena kupitia shimizi na kingo zake zilainishwe, la sivyo zitakata raba. La pili linahusu masta silinda zenye kitundu chembamba cha kurudishia mafuta mbele ya raba, kwani kitundu hicho kikihama au kikiziba, breki zitabaki zimeshika na dramu zitachemka. Baadhi ya masta silinda za Girling, zile za aina ya CV, hazina kitundu hicho bali zina vali ndogo mwisho wa pistoni, kwa hiyo hakikisha unajua ni ipi uliyonayo kabla ya kumpa mtu maelekezo.

Dramu nazo zikaguliwe kabla ya kubadilishwa. Dramu nzito ya asili yenye mikwaruzo inaweza kuskimiwa, yaani kuchongwa kidogo ndani hadi ilainike, lakini zote mbili za ekseli moja zifanane kipenyo, na kiwango cha mwisho kilichoandikwa kwenye kitabu cha karakana kisivukwe. Viatu vya asili vilivyonyooka hubandikwa lainingi mpya isiyo na asbesto. Vigonge kwa nyundo ndogo: kisicho na ufa hulia.

Kuzunguka sokoni

Sasa nenda Kariakoo, na uanze na mitaa ya Gerezani na Shaurimoyo. Nenda asubuhi, siku isiyo ya mwisho wa wiki, kwa sababu muuzaji unayemhitaji ni yule mwenye muda wa kupanda ngazi na kushusha maboksi ya juu. Utapokewa na mawinga kabla hujafika dukani. Winga ni mtu wa msaada kwa spea za magari ya sasa, lakini kwa gari la zamani huzunguka na sampuli yako duka hadi duka, na anaporudi na kitu "kinachofanana" bei imeshaongezeka na hujui kilikotoka. Mshukuru kwa heshima, na uingie mwenyewe.

Usianze kwa kuuliza "mna breki za Land Rover?" Weka silinda ya zamani juu ya kaunta, ikiwa safi, pamoja na kadi yako, halafu uulize ni nani katika mtaa huo aliyewahi kuuza spea za Land Rover au Peugeot miaka ya 1980. Swali hilo hufungua milango, kwa sababu wazee wa biashara wanafahamiana. Ukimpata mzee mwenyewe, msalimu, keti kama ukikaribishwa, na umwombe akuonyeshe mali iliyokataa kutoka. Namna hiyo nilipata viatu viwili vya nyuma na springi zake, vikiwa vimefungwa gazeti.

Kwenye vyuma chakavu, kwa mfano upande wa Buguruni, usitafute silinda wala raba. Tafuta vile vitu vinavyosahaulika kwenye maduka: mabamba ya nyuma yasiyooza, kem za konokono zinazorekebisha viatu, na mabano ya hosi. Vitu hivyo havichakai kwa kutumika bali kwa kutu, na macho yako yanatosha kuvikagua.

Kisha toka nje ya jiji, hata kama ni kwa simu. Stoo za gereji za misheni, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mashamba ya chai ya Mufindi na kampuni za zamani za utalii za Arusha ziliendesha Land Rover kwa miongo mingi na zilinunua spea kwa maboksi. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 liliwakutanisha wenye magari hayo kutoka kila pembe, na mafundi wa kule ni hazina kwa anayeuliza kwa adabu. Kenya nayo isisahaulike. Land Rover ziliunganishwa Thika na Peugeot 504 ziliunganishwa Mombasa, na mpaka leo mitaa ya spea ya Nairobi, hasa Kirinyaga Road, ina mabaki ya enzi hizo.

Kuitambua feki ukiwa umeishika mkononi

Silinda ya mtengenezaji wa asili huwa na jina lililotokezwa kwenye chuma chenyewe wakati wa kumiminwa, na mara nyingi na kipimo cha kipenyo pia. Jina lililobandikwa kwa stika pekee halithibitishi kitu. Pitisha kidole kwenye mshono wa kalibu, kwa sababu mtengenezaji makini huusaga. Tazama ndani ya tundu la mafuta kama kuna vinyweleo vya chuma. Toa kifuniko cha raba na uitazame pistoni: iteleze kwa uzito wake bila kugonga pembeni. Herufi kwenye boksi zisome moja moja, kwa kuwa wanaoiga wengi hukosea herufi moja kwa makusudi.

Kwa lainingi na pedi mpya kuna alama mbili za kusoma. Zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, kwa mfano 1 kwa Ujerumani, 2 kwa Ufaransa au 11 kwa Uingereza, ikifuatiwa na namba yenye 90R, inayorejelea kanuni ya kimataifa ya lainingi mbadala. Nyingine zina herufi mbili za msuguano ubavuni, kama EE au FF, ya kwanza ikieleza hali ya kawaida na ya pili hali ya moto. E ni msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, na F ni kati ya 0.35 na 0.45. Magurudumu ya ekseli moja yasichanganywe herufi.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya spea, na mkubaliane kwa maandishi kwamba utairudisha ndani ya siku chache ikiwa haitaingia. Ukiuziwa feki yenye jina la kampuni, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye mamlaka ya kushughulikia bidhaa bandia, na ni vema kuwapelekea taarifa, kwa kuwa anayefuata kuinunua hatakuwa na kadi kama yako.

Kuagiza nje

Kitakachokosekana kitaagizwa, na kwa Land Rover chanzo kikubwa ni Uingereza. Mwandikie muuzaji namba ya spea, vipimo, na ombi la picha ya spea yenyewe badala ya picha ya katalogi, na umwulize waziwazi jina la mtengenezaji aliyemo ndani ya boksi. Jibu lisilo na jina ni jibu tosha. Agiza vitu vyepesi kama raba, silinda na springi kwa ndege au posta, na dramu kwa meli pamoja na mizigo mingine, maana uzito wake utaimeza bei. Kwenye ankara muuzaji aandike maelezo kamili na thamani ya kweli. Spea za breki huainishwa kwenye kifungu cha forodha namba 8708.30, na wakala wa forodha atakukadiria ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18 kabla mzigo haujaondoka huko. Mwombe makadirio hayo mapema.

Raba, mafuta na mabomba

Hivi vyote vinunuliwe vipya na kwa pamoja. Seti za raba zinunuliwe kwa namba ya silinda, si kwa jina la gari. Mafuta ya breki yawe ya DOT 4 au DOT 3 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo. DOT 3 ikiwa mpya huanza kuchemka kuanzia nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kwa unyevu wa Dar es Salaam mimi hubadilisha kila baada ya miaka miwili bila kusubiri dalili. Usioshe sehemu yoyote ya ndani kwa petroli, dizeli au mafuta ya injini, kwa sababu raba itavimba kama maharage yaliyolowekwa na silinda zote zitashika. Mabomba ya chuma cha kawaida huoza haraka kwa hewa ya chumvi, kwa hiyo bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli ndilo ninalolishauri, hata kama si la asili.

Kufunga na kujaribu

Pistoni na raba zipakwe mafuta ya breki safi kabla ya kuingizwa. Acha upenyo mdogo kati ya fimbo ya kanyagio na pistoni ya masta silinda, ili pistoni irudi yote. Rekebisha viatu kwa kem mpaka dramu iguswe, kisha uilegeze kidogo hadi izunguke huru. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu yenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Baada ya hapo kanyaga kwa nguvu zako zote na uhesabu hadi 120. Kanyagio likizama hata kidogo, kuna mahali panavuja.

Safari ya kwanza iwe kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mtu wa pili akiwa ameshika hendibreki. Ongeza mwendo taratibu, ukisimama mara nyingi kwa upole ili lainingi ikae kwenye dramu. Ukirudi, gusa kila dramu: iliyo ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili ina kiatu kinachoshika. Baada ya kilomita 500 fungua magurudumu yote manne tena, futa kila nati ya bomba kwa karatasi nyeupe, na uikague karatasi hiyo kwenye mwanga kabla ya kumpakia mtu mwingine yeyote ndani ya gari.